Miguu ya Wodini: Shughuli za Mwili na Vikwazo Vyake kwa Wafanyakazi wa Hospitali

Shughuli za mwili ni kila mwendo wa misuli unaoufanya mwili utumie nguvu zaidi ya zile za kukaa tu: kufagia uwanja, kubeba ndoo, kutembea hadi kituo cha daladala, kupanda ngazi, kucheza mpira. Mazoezi ni tawi moja la mti huo, lile linalopangwa makusudi, lenye siku yake na saa yake, kwa nia ya kujenga afya. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, na hospitalini mchanganyiko huo una gharama yake, kwa sababu mfanyakazi aliyeshinda kwa miguu hurudi nyumbani akiamini kwamba mazoezi ya siku ameshayamaliza kazini.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Shughuli ya wastani ni ile inayopandisha pumzi kiasi kwamba mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Ikifika mahali maneno yanakatika baada ya mawili matatu, hiyo tayari ni nzito. Mwongozo uliotangulia, wa mwaka 2010, ulidai kila kipande cha shughuli kisipungue dakika 10 mfululizo. Sharti hilo limeondolewa, na kwa watu wanaofanya kazi za zamu hiyo ni habari kubwa kuliko ilivyotangazwa, maana sasa hata dakika mbili za kupanda ngazi kwa kasi zinaingia kwenye hesabu.

Wafanyakazi wa hospitali si kundi moja. Mhudumu wa usafi hupiga deki, hubeba ndoo na kusukuma toroli la nguo chafu. Msukuma machela huvuka eneo zima la hospitali mara nyingi kwa siku. Muuguzi hutembea vipande vifupi visivyo na idadi, kisha husimama. Daktari wa upasuaji husimama mahali pamoja saa nyingi, shingo ikiwa imeinama, mabega yakiwa yamekazwa. Fundi wa maabara huketi mbele ya hadubini. Karani wa dirisha la bima na mtunza kumbukumbu wa masjala huketi tangu saa 2 asubuhi, na siku yenye foleni ndefu hata kwenda kujisaidia ni kwa kuomba mwenzake ashike dirisha. Ushauri mmoja kwa wote hawa hauwezi kumfaa hata mmoja. Karani anahitaji kuinuliwa kwenye kiti, mhudumu wa usafi anahitaji kupumzishwa na kuimarishwa mgongo, na muuguzi anahitaji yote mawili kwa saa tofauti za siku.

Zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ya hospitali ya umma inatosha kuonyesha jambo lenyewe lilivyo. Manesi ni wawili, na vitanda vimejaa hadi kuna akina mama waliolala wawili wawili. Muuguzi huanza kwa kupokea ripoti akiwa amesimama, faili baada ya faili. Kisha anazunguka kupima presha, mama baada ya mama, hatua tano na kusimama, hatua nne na kusimama. Saa 6 usiku anainama juu ya mkono wa mgonjwa kutafuta mshipa ambao hauonekani. Dakika 15 anazikaa hivyo, kiuno kimepinda. Saa 8 mama mmoja anahitaji kupelekwa thieta, lifti haifanyi kazi, na machela inasukumwa kwenye njia ya mteremko na watu wawili, mmoja akiivuta kwa nyuma isije ikawakimbia. Saa 10 alfajiri ndipo anaketi, na anaketi kuandika. Asubuhi anasubiri anayempokea, ambaye amekwama kwenye foleni ya magari. Anapofika nyumbani vifundo vya miguu vimevimba, soksi zimeacha alama ya duara kwenye ngozi. Akiambiwa kuwa usiku huo hakufanya mazoezi, atakuwa na haki ya kukasirika.

Na bado ndivyo ilivyo, kwa maana ya kitaalamu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa hospitali 36 za Marekani uliofuatilia mwendo na muda wa wauguzi wakiwa kazini. Katika zamu ya mchana ya saa 10, muuguzi alitembea kati ya maili 1 na 5, na wa katikati alifikia maili 3, yaani karibu kilomita 5. Kazi iliyokula sehemu kubwa kuliko zote ya muda wake ilikuwa kuandika. Kilomita 5 zinasikika nyingi, lakini ukizigawa kwa saa 10 unapata nusu kilomita kwa saa, mwendo uliokatwakatwa ambao haupandishi mapigo ya moyo kwa muda wa kutosha kuuzoesha kazi. Mtu anayetembea umbali huohuo kwa haraka, bila kusimama, huumaliza kwa saa moja hivi akiwa anatokwa jasho. Miguu imefanya kazi ileile, lakini kwa moyo hizo ni safari mbili tofauti kabisa.

Wataalamu wa Denmark, akiwemo Andreas Holtermann, wamelichimba jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2021 walichapisha uchambuzi wa watu wazima zaidi ya 104,000 wa eneo la Copenhagen. Waliokuwa na shughuli nyingi wakati wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya maradhi makubwa ya moyo na ya kufa mapema. Waliokuwa na shughuli nyingi kazini, hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Maelezo yanayotolewa yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini. Kazi ya mikono huchukua saa nyingi kwa nguvu ndogo mno kuweza kujenga pumzi. Kunyanyua vitu vizito na kusimama mahali pamoja hupandisha shinikizo la damu na kuliacha juu. Mwili hauna nafasi ya kupona kabla ya zamu nyingine, na mfanyakazi hana uamuzi juu ya kasi wala wakati wa kupumzika. Anayekimbia ufukweni akichoka husimama, ilhali anayemgeuza mgonjwa kitandani hawezi kumwachia katikati.

Matokeo hayo yana wapinzani, nao wana hoja. Watu wa kazi za sulubu aghalabu ndio wenye kipato kidogo na makazi duni, na si rahisi kuyatenganisha hayo na kazi yenyewe hata kwa takwimu nzuri. Isitoshe, elimu ya shughuli za mwili ilizaliwa kutokana na kazi. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi kutwa nzima, walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Miaka mitatu baadaye Morris mwenyewe aliurudia ushahidi wake kwa jicho kali: alichunguza vipimo vya suruali za sare walizopewa watumishi hao na kukuta kwamba madereva walikuwa na viuno vinene zaidi, hata wale vijana. Sehemu ya tofauti, kumbe, ilikuwepo kabla ngazi hazijafanya kazi yake. Hata hivyo kondakta na muuguzi hawafanani. Ngazi za basi ni mpando wa ghafla, pumzi juu, kisha nafuu kidogo, na tena. Kazi ya wodini ni kusimama kwingi na kuinama kwingi. Kinachoamua si kama mwili umetumika kazini, bali umetumika vipi, na umepewa nafasi gani ya kupumzika baadaye.

Mkanganyiko huu unaharibu hata vipimo. Dodoso la WHO linalotumika katika tafiti nyingi za kitaifa, zikiwemo za Tanzania mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015, huuliza shughuli za mwili katika maeneo matatu: kazini, njiani na wakati wa mapumziko. Dakika zote hujumlishwa kapu moja. Kwa hesabu hiyo nchi za Afrika Mashariki hung'aa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliiweka Uganda miongoni mwa nchi zenye watu wachache kuliko zote wasiofikia kiwango, asilimia 5.5 tu, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 27.5. Hadi mwaka 2022 wastani huo wa dunia ulikuwa umefika asilimia 31, watu bilioni 1.8. Sifa ya Uganda ni ya kweli, lakini ni sifa ya jembe na ya njia ndefu ya kisimani. Muuguzi wa mjini anayejaza dodoso hilohilo huandika saa nane za "kutembea kazini" na kuhesabiwa kuwa amevuka lengo mara kadhaa, wakati kipima mwendo kinachovaliwa kiunoni kingeonyesha dakika chache sana za mwendo wa haraka. Hospitali inayotaka kujua hali ya watu wake inapaswa kuuliza swali jingine kando ya dodoso: wiki iliyopita, nje ya kazi, ni mara ngapi ulitembea au kufanya jambo lolote hadi pumzi ikapanda? Majibu ya swali hilo huwa mafupi.

Kuna jambo moja linalofaa kusemwa wazi kwa heshima ya fani ya uuguzi. Sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua kuhusu faida za kutembea imetoka kwenye miili ya manesi wenyewe. Mwaka 1976 ulianza nchini Marekani utafiti mkubwa wa afya za wauguzi uliowaandikisha wanawake 121,700. Kutokana nao, mwaka 1999 ilibainika kwamba waliotembea kwa kasi kwa saa 3 au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya mishipa ya moyo kwa takriban theluthi moja, karibu sawa na waliofanya mazoezi mazito. Utafiti huohuo ukatoa, mwaka 2016, habari ya upande wa pili: wauguzi waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 10 au zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya maradhi hayohayo. Kundi lililoifundisha dunia kutembea ndilo linalokosa saa ya kutembea.

Kutojua si kikwazo. Tabibu anayemweleza mgonjwa wa kisukari atembee nusu saa kila siku anazijua sababu kuliko mgonjwa, na bango lenye picha ya mtu anayekimbia limebandikwa nyuma ya kiti chake. Mikutano mingi ya kuhamasisha wafanyakazi hutumia muda kuwaeleza faida ambazo wao wenyewe huwafundisha wengine. Muda huo ungekuwa na maana zaidi kama ungetumika kutembea.

Kikwazo cha kwanza ni zamu, na kinastahili nafasi kubwa kuliko vingine vyote. Mazoezi hushika kwa mazoea, na mazoea hushika kwa saa maalumu. Mwalimu wa shule anaweza kuamua kukimbia kila siku saa 12 asubuhi. Muuguzi ambaye wiki hii anaingia asubuhi, wiki ijayo alasiri na inayofuata usiku hana saa 12 asubuhi ya kudumu: mara yuko kitandani, mara yuko kwenye daladala, mara yuko katikati ya kutoa ripoti. Ratiba yenyewe hubadilika ghafla mwenzake anapougua au kufiwa, na hapo siku yake ya mapumziko huliwa. Nyuma ya hayo yote upo upungufu wa watu. WHO ilikadiria mwaka 2016 kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili kufikia malengo ya maendeleo endelevu, na Tanzania, Kenya na Uganda zote zilikuwa chini ya hapo. Palipotakiwa watatu akawepo mmoja, huyo mmoja hana dakika ya kunywa maji, sembuse ya kunyoosha mgongo.

Usiku una madhara yake ya ziada. Saa ya ndani ya mwili, inayoongozwa na mwanga wa jua, huendelea kuamini kuwa mchana ni wa kuamka. Anayelala saa 4 asubuhi chini ya bati lililokwisha kupata moto, redio ya jirani ikiwa imewashwa na muuza samaki akipita kunadi, hulala usingizi wa vipande. Akiamka saa 8 mchana mwili ni mzito kama umepigwa. Uchovu wa namna hii ni tofauti na ule wa mkulima aliyelima, ambao usingizi wa usiku mmoja huuondoa. Mwili uliokosa usingizi huona kila jitihada ni kubwa kuliko ilivyo, na njaa yake huelekea kwenye vitu vitamu na vya mafuta. Kumwita mtu huyo mvivu ni kosa la uchunguzi, sawa na kuandika dawa bila kumpima mgonjwa.

Kikwazo cha pili kinawaangukia wanawake, na wauguzi wengi ni wanawake. Zamu ya hospitali ikiisha, ya nyumbani inaanza: maji, jiko, sare za shule, mgonjwa wa ukoo aliyeletwa mjini kwa sababu "wewe si uko hospitali?" Saa inayobaki ni ya alfajiri au ya jioni gizani, na hapo usalama unaingia. Kukimbia peke yake saa 11 alfajiri kwenye barabara isiyo na taa ni kujitia mikononi mwa vibaka. Mavazi nayo yana neno. Katika mitaa mingi mwanamke mtu mzima aliyevaa bukta huitiwa miluzi, na wapo waliotatua hilo kwa kuvaa dera au kujifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi, wakatembea kwa kasi hivyohivyo. Mwendo wa kasi ndani ya dera una thamani ileile kwa moyo. Pwani, mwezi wa Ramadhani hugeuza ratiba yote: wanaofanya mazoezi huyasogeza karibu na magharibi kabla ya futari, au usiku baada ya tarawehe, na wa zamu ya usiku hukosa nafasi zote mbili.

Fedha ni kikwazo, ingawa hutajwa zaidi kuliko inavyostahili. Ada ya jimu ni kubwa kwa mshahara wa mhudumu, lakini kutembea hakuna ada. Gharama iliyofichika zaidi ni ya kibarua cha ziada. Wauguzi na madaktari wengi huenda kwenye zahanati binafsi siku zao za mapumziko, kwa sababu ada za shule hazisubiri. Saa ambazo kwenye karatasi ya utafiti zinaonekana ni za mapumziko zimeshauzwa. Kampeni yoyote inayohesabu siku mbili za mapumziko kwa wiki bila kuliona hilo inahesabu hewa.

Halafu kuna macho ya watu. Kunenepa baada ya kuajiriwa bado kunapokewa kwa furaha: kanawiri, kazi imemkubali. Kinyume chake, daktari anayeonekana akitembea kwa miguu kutoka kazini huulizwa gari limepatwa na nini. Aliyepunguza uzito kwa mazoezi huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa, na katika jamii zilizopita kwenye miaka migumu ya ukimwi swali hilo lina uzito ambao mgeni hawezi kuuelewa. Mambo haya hayaonekani kwenye dodoso, lakini yana nguvu ya kumrudisha mtu ndani.

Kuna sababu mbili za kulishughulikia jambo hili zaidi ya huruma kwa wafanyakazi. Ya kwanza ni migongo. Maumivu ya kiuno ni ugonjwa wa kazi ya uuguzi popote duniani, na kila muuguzi anayelazwa kwa ajili ya mgongo wake huwaachia wenzake mzigo wake. Ya pili ni maneno yanayotoka kwa tabibu. Tafiti za Erica Frank huko Marekani zilionyesha kuwa madaktari wenye tabia nzuri za afya huwashauri wagonjwa wao zaidi kuhusu tabia hizohizo, na kwamba daktari anayeeleza anavyofanya mwenyewe huaminika zaidi. Mgonjwa wa presha husikiliza kwa masikio na kwa macho pia.

Kuhusu nini kinafaa, ushahidi wa kuvutia zaidi unatoka tena Denmark. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanawake 200 waliokuwa wahudumu wa afya katika idara 18 za hospitali tatu. Kwa wiki 10, idara moja moja zilipangwa kwa bahati nasibu: baadhi zilipewa mazoezi ya nguvu ya dakika 10, mara tano kwa wiki, kazini na ndani ya saa za kazi, wakiwa kikundi na kocha, nyingine zilipewa mazoezi ya namna hiyohiyo yafanywe nyumbani kwa muda wao wenyewe. Waliofanya kazini walipungukiwa na maumivu zaidi. Sababu mojawapo iko wazi: wao walifanya zaidi ya mara mbili kwa wiki, wa nyumbani mara moja hivi. Hakuna kundi lililofikia wastani wa mara tano. Wale wa nyumbani walikuwa na mwongozo, walikuwa na vifaa na walikubali wenyewe kushiriki, na bado dakika 10 za nyumbani hazikupatikana. Hilo ndilo jibu kwa mkurugenzi anayesema wafanyakazi wajitegemee.

Hatua ndogondogo nazo zina nafasi, zikichaguliwa kwa kuangalia mahali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, bango la kuhimiza ngazi lililowekwa katika kituo kimoja cha treni za chini ya ardhi mjini Glasgow lilipandisha watumiaji wa ngazi kutoka asilimia 8 hadi kati ya 15 na 17. Katika hospitali ya rufaa yenye ghorofa, bango kama hilo halina gharama. Hospitali nyingi za wilaya, hata hivyo, ni majengo ya chini yaliyounganishwa kwa vijia vilivyoezekwa, na kuzihubiria ngazi ni kunakili tu. Huko kinachofaa ni kuvipima vijia hivyo, kuchora alama ya kila mita 100 ukutani, na kumwezesha karani aliyekaa saa tatu kuzunguka mara mbili kwa kasi kabla ya kurudi dirishani. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, kwa watu zaidi ya 25,000 wasiofanya mazoezi ya kupanga waliovaa vipima mwendo, ulikuta kuwa vipande vitatu tu kwa siku vya jitihada kali, kila kimoja cha dakika moja au mbili, viliambatana na hatari ndogo ya kufa kwa asilimia 38 hadi 40. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi kwamba vipande hivyo ndivyo vilivyowaokoa, lakini unaelekeza upande uleule ambao mwongozo wa 2020 ulishauelekea.

Serikali za ukanda huu hazijakaa kimya. Tanzania ilizindua Desemba 2016, kupitia Makamu wa Rais wa wakati huo Samia Suluhu Hassan, kampeni ya mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Zanzibar huadhimisha siku ya mazoezi kila Januari 1. Kigali ilianza mwaka huohuo wa 2016 kuzifunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku maalumu za Jumapili ili watu watembee na kukimbia, na Rwanda iliwahi kuwatengea watumishi wa umma alasiri ya Ijumaa kwa michezo. Ni mipango mizuri, na yote imejengwa kwa kalenda ya ofisi. Jumamosi ya pili ya mwezi wodi haifungwi. Ijumaa alasiri ndiyo saa ambayo zamu moja inaipisha nyingine. Watumishi wa hospitali wanaoonekana kwenye picha za mbio hizo, fulana mpya na kofia, aghalabu ni wa utawala, na aliyezihitaji zaidi yuko wodini akihesabu matone ya dripu.

Vikundi vya jogingi vya mitaani, ambavyo vimeenea Dar es Salaam na Zanzibar, vina somo moja la kuiga: mtu huenda kwa sababu anasubiriwa. Kikundi cha hospitali kinachokutana mara mbili kwa siku hiyohiyo, saa 10 alasiri na tena saa 3 asubuhi kwa wanaotoka usiku walio tayari, huwafikia watu wa zamu zote. Anayetoka zamu ya usiku asilazimishwe mazoezi mazito. Kwake mwendo wa taratibu nyumbani halafu kulala ni bora, na zoezi lenyewe alifanye jioni baada ya kuamka, kabla ya kuingia tena. Wanaosimama kutwa hawahitaji kuongezewa kusimama: mazoezi ya mgongo, tumbo na mapaja, yakifundishwa na mfiziotherapia wa hospitali hiyohiyo, yatawafaa kuliko kilomita za ziada. Wanaokaa wahesabiwe kwa namna nyingine. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliojumuisha watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba ilihitajika dakika 60 hadi 75 za shughuli ya wastani kila siku ili kufuta hatari inayoambatana na kukaa saa nane na zaidi. Karani hana dakika hizo, kwa hiyo njia ya karibu zaidi kwake ni kupunguza kukaa kwenyewe.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: chumba chenye dirisha na mikeka, bomba la kuogea lenye mlango unaofungwa kwa ndani, kabati la kuwekea raba na nguo za kubadili, na taa kwenye njia ya kutoka getini hadi kituoni. Bafu husahauliwa kila mara, na bila bafu hakuna mwanamke atakayerudi wodini akiwa na jasho.

Kifaa chenye nguvu kuliko vyote ni karatasi ya ratiba. Katika hospitali nyingi huandikwa na muuguzi msimamizi wa wodi, kwa penseli kwanza kwa sababu itafutwa, kisha kwa kalamu, na kubandikwa nyuma ya mlango wa ofisi yake. Ikitolewa mwezi mzima kabla, mtu anaweza kupanga. Zamu zikizunguka kuelekea mbele, asubuhi, alasiri kisha usiku, mwili huzifuata kwa urahisi zaidi kuliko zikirudi nyuma. Siku mbili za mapumziko zikifuatana baada ya zamu za usiku, ya kwanza ni ya kulala na ya pili inabaki kuwa yake. Na dakika 10 za katikati ya zamu, zikiandikwa humo kwa jina la mtu na jina la atakayemshikia wagonjwa, zina nafasi ya kufanyika.